Boya la Wawili: Dakika Nne za Kwanza za Filamu ya Mapenzi

Kuna ufunguzi mmoja wa filamu za kwetu ambao kila mpenzi wa Bongo Movie anaujua hata akiwa amefumba macho. Gari linakuja. Linapiga honi. Mlinzi anatoka mbio, anafungua geti, anapiga saluti. Gari linaingia taratibu, linapaki, mlango unafunguka na cha kwanza kuonekana ni kiatu. Dakika tatu zimekwisha na hakuna aliyesema neno zaidi ya "shikamoo bosi."

Tunaucheka sana ufunguzi huo. Mimi mwenyewe nimeucheka miaka mingi. Lakini siku hizi naona kwamba tatizo lake si urefu. Ule ufunguzi unatoa ahadi, na ahadi yake iko wazi: hii ni hadithi ya mali, na mapenzi yatakayokuja yatapimwa kwa mali hiyo. Mtazamaji anajua tangu honi ya kwanza amtazame nani kwa husuda na amcheke nani. Mlinzi yule anayekimbia, kwa mfano, yupo ili tumcheke.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana nilikuwa mmoja wa wanafunzi sita waliojaribu kutengeneza filamu fupi ya mapenzi ya kuchekesha hapa Mwanza. Mimi nilikuwa mwandishi. Kati ya kazi yote ile, iliyotutesa ni dakika nne za mwanzo. Tuliziandika mara tatu, tukagombana, mtu mmoja akalia, na mwisho nikajifunza kuhusu vichekesho jambo ambalo sikulipata darasani. Kwa hiyo makala hii ni uhakiki wa filamu za watu wengine na wa kazi yangu mwenyewe. Mnivumilie.

Rasimu ya kwanza naona aibu hata kuisimulia. Mvulana na msichana wanagongana kwenye korido ya chuo. Vitabu vinaanguka. Wote wanainama kuviokota, vidole vinagusana, muziki unaingia. Mwongozaji wetu aliisoma akauliza swali moja tu: "Hapa chuoni umeshamwona nani anatembea na vitabu kifuani?" Kweli bwana. Notsi zetu ziko kwenye simu. Wakigongana wawili kinachoanguka ni simu, na simu ikianguka kioo kikapasuka hapo hakuna mapenzi, hapo kuna kesi. Nilikuwa nimeandika mapenzi ya nchi ambayo sijawahi kufika, nikayavisha sare ya chuo chetu.

Rasimu ya pili ndiyo iliyokuwa na wazo, na wazo lilitoka kwenye foleni. Kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema au Geita aliyekuja Mwanza kupitia Kigongo na Busisi alikuwa na uhakika wa jambo moja: atasubiri. Basi linasimama, abiria wanashuka, wanaingia kwenye pantoni kwa miguu. Kuna mahindi ya kuchoma, kuna mayai, kuna mtu anauza chaja. Unajikuta umesimama karibu na mtu usiyemjua, na huna pa kwenda. Wapo waliopata wachumba pale. Wapo pia waliopoteza mabegi.

Vichekesho vya mapenzi vinahitaji hasa kitu hicho: sababu ya watu wawili kukaa pamoja hata kama hawataki. Tazama When Harry Met Sally ya mwaka 1989. Baada ya wazee walioketi kwenye kochi kusimulia walivyokutana, tunaletewa wanafunzi wawili wanaomaliza Chuo Kikuu cha Chicago ambao inabidi wasafiri kwenye gari moja mpaka New York. Hawapendani hata kidogo. Lakini barabara ni ndefu na gari ni moja, kwa hiyo lazima waongee. Au rudi nyuma zaidi, It Happened One Night ya 1934: binti wa tajiri anagombana na baba yake kwenye boti la kifahari, anajitupa majini na kuogelea, na baadaye anabanwa kwenye basi la abiria na mwandishi wa habari asiye na adabu. Basi lile ndilo pantoni lao.

Daraja jipya lina urefu wa kilomita 3 na gari linalivuka kwa dakika chache. Kwa mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Bugando hilo ni jambo la kushukuru, wala sibishani. Kwa mwandishi wa vichekesho vya mapenzi lakini ni msiba: wahusika wangu wangevuka kabla hawajasalimiana. Tukahamia kivuko cha Kamanga, ambacho bado kinaondoka mjini Mwanza na kuvusha watu ghuba hadi upande wa Sengerema.

Sasa sikiliza nilichoandika. Mvulana amechelewa. Pantoni linaanza kuondoka, ule mlango wa chuma umeshaanza kuinuliwa. Anakimbia, begi linaruka mgongoni, watu wanamshangilia, anaruka... na anadumbukia ziwani. Kichwa kinaibuka na gugumaji juu yake. Msichana aliyeko kwenye pantoni anacheka mpaka anashika mbavu. Kichwa cha filamu kinatokea. Niliposoma kwa sauti mbele ya wenzangu, watano walicheka. Mmoja hakucheka.

Aliyenyamaza ndiye tuliyempa nafasi ya msichana. Kwao ni Ukerewe. Alikaa kimya mpaka vicheko vikaisha, kisha akasema, "Kaka, mimi siwezi kumcheka mtu aliye majini."

Mwongozaji akamwambia ni vichekesho tu, mvulana anajua kuogelea, atatolewa salama. Akajibu: "Wewe unajua anaogelea. Mimi nikiwa pale juu sijui." Halafu akatuambia kuhusu mama yake mdogo, ambaye Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 alikwenda gulioni Bugolora na akapanda MV Nyerere kurudi Ukara.

Msomaji wa mbali huenda akahitaji kukumbushwa. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ile kilikuwa na mamia. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wa nchi kavu wakitazama, na waliokufa walizidi 220. Na Mwanza ilikuwa tayari na jeraha lake la zamani: MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba kuja huku. Waliozikwa makaburi ya Igoma wapo mpaka leo, na daladala zinapita jirani kila siku. Katika mji huu ukikusanya watu 40 kwenye ukumbi, hujui nani amepoteza nani.

Lazima nikiri kwamba sikukubali haraka. Nilijitetea kwa kutumia vitabu, kama watu wa fasihi tunavyopenda kufanya tukibanwa. Nikamwambia kwamba Twelfth Night ya Shakespeare ni komedia na inaanza na meli kuzama. Viola anafika ufukweni akiamini pacha wake wa kiume amekufa maji, na bado watu wanacheka mpaka mwisho. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Na huyo Shakespeare, anawachekesha watu wakati meli inazama, au baadaye?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa upande wake. Kuzama kwenyewe hatukuoni. Viola anaingia jukwaani akiwa ameshaokoka, na swali lake kubwa ni kuhusu kaka yake. Huzuni inapewa nafasi yake kwanza, ndipo vicheko vinaruhusiwa kukaa juu yake. Mimi nilikuwa nimegeuza: nilitaka maji yenyewe yawe kichekesho.

Wiki ile sikuandika. Nilirudi kwenye vitabu viwili ambavyo mtu wa ziwa hili akitaka kuandika mapenzi hana namna ya kuvikwepa.

Cha kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Kilitoka 1971 na kwa muda kikapigwa marufuku mashuleni. Watu wanakikumbuka kwa yale yanayompata Rosa baadaye, lakini soma tena mwanzo wake. Kuna barua. Mvulana anaitwa Charles amemwandikia Rosa barua ya mapenzi, na baba yake, Zakaria, anapoigundua anampiga. Ukitazama vizuri, hiyo ni malighafi ya kichekesho cha mapenzi: barua, mvulana mwenye haya, baba mkali. Mwandishi mwingine angetupa kicheko. Kezilahabi anakataa. Anatuonyesha fimbo, na kitabu kizima, mpaka kifo cha Rosa, kinalipa deni la fimbo ile. Ufunguzi wake unaahidi kwamba katika nyumba hii mapenzi yatakuja yakiwa yamefungwa pamoja na hofu, na ahadi hiyo anaitimiza bila huruma.

Cha pili ni kile kitabu kinene cha Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Wengi wanakichukulia kama ghala la mila: jinsi ya kutibu, jinsi ya kuvua, jinsi ya kutengeneza pombe. Mimi nasema, bila kuona aibu, kwamba mwanzo wake ni kichekesho bora cha mapenzi kilichowahi kuandikwa kando ya ziwa hili. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto, maneno ya ndugu wa mume yamezidi, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Sasa mwanaume lazima amrudishe. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi anahangaika: ndizi zipatikane, ziive, zikamuliwe, pombe ichachuke, ibebwe kwa adabu mpaka ukweni. Tunamcheka, ndiyo. Ila tunamcheka mtu anayetoka jasho kwa sababu ya kumpenda mkewe. Na chini ya kicheko kuna jambo zito ambalo hakuna anayelisahau hata ukurasa mmoja: hawana mtoto.

Nilipoviweka vitabu hivi pamoja nikaona kosa langu. Sikukosea kuweka kichekesho penye jeraha. Kitereza anafanya hivyo hivyo. Nilikosea kumchagua wa kuchekwa. Katika rasimu yangu kicheko kilimwangukia mtu aliye hatarini. Kwa Kitereza kinamwangukia mtu anayejitahidi.

Rasimu ya tatu ilitoka kwa siku moja. Mvulana hajachelewa. Amewahi, amewahi mno, yuko wa kwanza kwenye foleni ya Kamanga saa moja asubuhi. Anaogopa maji. Na amekuja na boya lake mwenyewe, la rangi ya chungwa, amelivaa na kulifunga kamba mpaka kidevuni akiwa bado nchi kavu. Pembeni yake watu wanakula mahindi. Mtoto anamkodolea macho. Mama mmoja anamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye hawezi hata kuinama vizuri kuitikia. Msichana anafika na ndoo ya dagaa anayompelekea shangazi yake, anasimama nyuma yake, anamtazama juu hadi chini.

"Kaka, hilo boya umetoka nalo nyumbani?"

"Ndiyo."

Kimya. Pantoni linapiga honi.

"Lina nafasi ya wawili?"

Mstari huo wa mwisho si wangu. Ni wake, yule binti wa Ukerewe. Mimi niliandika amcheke na kupita zake. Tulipofanya mazoezi alifika pale, akasita, akasema maneno hayo, nasi wote tukajua tumepata filamu yetu. Ukilisikia haraka ni swali la kumchombeza mvulana. Ukilisikia ukiwa mtu wa Ukara ni kitu kingine kabisa. Yote mawili yamo, na hakuna linalomfukuza mwenzake.

Kuhusu utengenezaji sitasema mengi, maana kila mwanafunzi wa filamu ana hadithi zake za betri. Mambo matatu tu.

La kwanza ni mwanga. Huku karibu na ikweta jua likishafika saa nne linapiga utosini, macho ya waigizaji yanakuwa mashimo meusi na maji yanang'aa kama bati. Tulikuwa na kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, basi. Ndiyo maana mvulana wetu ni mwoga wa alfajiri; hatukuwa na uwezo wa mwoga wa mchana.

La pili ni kwamba kwenye pantoni kila teki ni nauli. Ukikosea mstari huwezi kusema "tunarudia." Unafika ng'ambo, unasubiri, unakata tiketi, unarudi. Tulivuka mara tano. Nadhani hilo lilitusaidia kuliko kozi nzima ya uigizaji, kwa sababu waigizaji waliokuwa wakijua gharama ya kukosea walianza kusikilizana.

La tatu ni sauti. Upepo wa ziwa uliingia kwenye kipaza sauti ukameza kila kitu, ikabidi mazungumzo tuyarekodi upya hosteli, chini ya blanketi mbili, jasho linatutoka. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba "lina nafasi ya wawili" limesemwa na mtu aliyekaa gizani. Wengine wanaona ni kasoro. Mimi naona limepata upole ambao pale kwenye injini lisingeupata.

Kasoro ya kweli iko kwingine. Tulifungua na picha ya Jiwe la Bismarck. Hatukuwa na sababu yoyote isipokuwa kwamba tuko Mwanza na Mwanza lazima uonyeshe jiwe. Nimeitazama mara nyingi na kila mara naona sekunde sita za kadi ya posta. Naelewa lakini hamu hiyo inatoka wapi. Kwa watu wengi duniani Mwanza ya kwenye sinema ni ile ya Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, ambayo mwanzoni inatuonyesha kivuli cha ndege kikipita juu ya maji na kisha inatuingiza kwenye minofu ya sangara, umaskini na tuhuma za silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani. Mwanafunzi wa hapa akishika kamera anataka kuwajibu watu wale, na jibu la haraka ni kupiga picha ya kitu kizuri. Lakini kadi ya posta na jinamizi zina ugonjwa mmoja: zote zinautazama mji kwa mbali, hakuna anayeukaribia mpaka asikie mama akisema "mwangaluka." Tukipata nafasi ya kuhariri tena, jiwe nitalitoa. Foleni inatosha. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Kamanga atajua yuko wapi kwa harufu ya dagaa tu.

Tuliionyesha kwenye ukumbi wa mihadhara, jioni, kwa projekta ya kuazima na shuka nyeupe. Boya lilipotokea watu wakacheka. Msichana alipouliza swali la kwanza wakacheka zaidi. Alipouliza la pili kicheko kilianza, kikakatika katikati, kukawa na kimya kifupi, halafu kikarudi kikiwa kimebadilika, cha chini, kama watu wanaocheka matangani. Ni kimya kile nilichokuwa nakitafuta tangu rasimu ya kwanza bila kujua.

Yule binti alikuwa amemleta mama yake. Filamu ilipokwisha nikamfuata kumwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanishukuru, akasema mwanawe ameigiza vizuri, na kwamba yule kijana wa boya amemkumbusha mtu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za safari: "Sasa, wamefika?"

Sikumwelewa. Akarudia. "Mmewaonyesha wamepanda. Mmewaonyesha wako katikati ya maji wanaongea. Halafu tukawaona chuoni. Sikuwaona wakishuka."

Alikuwa na haki. Sheria ya uhariri niliyofundishwa ni kukata mapema: mtazamaji ana akili, akiona wamepanda na baadaye wako darasani, atajua walifika. Ni sheria nzuri, na kwa hadhira ya Chicago ingetosha. Lakini MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebaki kidogo tu kufika. Kwa mama yule kufika si jambo la kukisia. Ni jambo la kuonyeshwa.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Kamanga wanne, tukakata tiketi, tukavuka mara ya sita. Sasa baada ya "lina nafasi ya wawili?" kuna picha ya sekunde nane isiyo na maneno wala muziki: mlango wa chuma unashuka, unagonga gati, watu wanatoka, na miongoni mwao wamo kijana mwenye boya na msichana mwenye ndoo. Nakala hiyo nilimpa binti aipeleke Ukerewe.